Walii wa Umi

Mwanangu Yassin alipokuwa mlevi, watu walinionea huruma. Alipoacha pombe akawa mhubiri wa Kikristo, huruma yenyewe ikaisha.

Watoto wangu ni wawili, yeye na Umi. Baba yao, Amiri, alifariki Umi akiwa darasa la sita, na tangu hapo nimewalea kwa mshahara wangu wa afisa ugani wa kilimo na mikorosho michache aliyotuachia kule Nyangamara. Mwaka huu ninaousimulia nilitaka Umi aolewe tena, na kaka yake aendelee kuingia mlangoni kwangu. Nilitaka vyote viwili.

Yassin alianza na uraka, ile pombe ya mabibo ambayo msimu wa korosho kila mtu huonja akacheka akaenda kulala. Yeye hakwenda kulala. Akahamia kwenye gongo. Akauza bomba langu la kupulizia mikorosho salfa, akauza bati la jikoni, kisha mlango wa choo. Jirani yangu Batuli alikuwa akiniambia, "Mama Yassin, ukiingia chooni shikilia mlango, mwanao yuko sokoni." Tukacheka. Ungefanya nini kingine?

Umi alipoolewa mara ya kwanza, na Likwata, fundi pikipiki wa palepale Nyangamara, Yassin ndiye aliyekuwa walii. Kwetu bibi harusi hajikabidhi mwenyewe. Lazima awepo mwanamume wa upande wa baba, ampe sheikh mkono na kusema amemwakilisha, yaani amempa idhini, amwozeshe binti. Baba akiwa hayupo, ni kaka. Yassin alifika amelewa tangu asubuhi. Wanaume wawili walimshika mabega asianguke juu ya sinia la halua. Baba yake mkubwa, Mzee Abdulrahmani, alikuwepo akashuhudia, na hakuna aliyesema neno. Mlevi ni Mwislamu aliyekosea, ndivyo walivyosema, na ndoa ikafungwa.

Ikafunguka kabla ya mwaka. Yassin aliuza injini ya pikipiki ya mteja wa Likwata. Likwata akamleta Umi na sanduku lake jioni ileile. Aliniambia, "Mama, mke namtaka, shemeji simtaki, na nimeona hawa wawili hawatenganishiki." Akatoa talaka akiwa amesimama. Sikumlaumu.

Yassin akatoweka. Nikahamia Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, nikaja na Umi. Miaka miwili sikujua mwanangu yu hai au amezikwa na watu nisiowajua. 

Nilimwona tena siku ya gulio Nyangamara, nimekwenda kukagua mikorosho. Kulikuwa na spika juu ya kiti, na nyuma ya spika mtu aliyevaa shati jeupe, vifungo vimefungwa mpaka kooni. Amenenepa. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Mnanijua!" alikuwa akisema. "Nyie wa hapa mnanijua. Mimi ndiye niliyeuza mlango wa choo wa mama yangu!"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Na injini ya Likwata je?"

"Na injini ya Likwata, dada, asante kwa kunikumbusha. Nilikuwa nalala kwenye mtaro kule Mitole, mbwa ananilamba mdomo, mimi nasema asante mama, nimeshiba. Asubuhi moja nikaamka kuna mtu kakaa kwenye ukingo wa mtaro. Mchungaji Stella. Hakunipa mahubiri. Aliniuliza, 'Wewe, una kiu ya maji au ya ile nyingine?' Nikasema ya maji. Nilikuwa nadanganya! Akaenda kuleta maji. Akarudi kesho yake. Akarudi na kesho yake tena. Yesu alinitafuta kwenye mtaro wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kujitafuta."

Kicheko kilikatika pale. Jina lile, kutoka kwenye mdomo ule, mtoto wa Amiri aliyesoma madrasa ile iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mtu akatema mate. Wengine wakaondoka polepole, kama watu wanaopisha msiba wa nyumba nyingine.

Nilimsubiri amalize. Nikampeleka kwa Batuli, nikampakulia ugali.

"Unakunywa?" nikamuuliza.

"Sinywi, mama."

"Unaiba?"

"Siibi."

"Basi kula."

Akala. Kisha akasema, "Mama, nimeokoka."

"Nimesikia. Wilaya nzima imesikia, ulikuwa na spika."

Akacheka, na kile kicheko kilikuwa cha mtoto niliyemzaa. Nilikuwa nimekisahau. Sitaki kudanganya kwamba dini yake mpya haikuniuma. Iliuma. Lakini nilikuwa nimeshaomba dua za kila namna kwa ajili ya mtoto yule, na aliyerudi mbele yangu alikuwa mzima, macho meupe, mikono haitetemeki. Nikaamua nitagombana na Mungu kwa wakati wangu, na mwanangu aje kwangu kila atakapopata nafasi.

Akawa anakuja Mitwero kila mwisho wa mwezi kutoka Mitole, ambako kanisa lao lilimpa kazi ya kuhubiri. Mara ya kwanza alishuka kwenye gari akiwa amebeba mlango mpya begani. Akautia chooni mwenyewe, akapiga bawaba, akaujaribu kufunga na kufungua.  Umi ndiye aliyelia.

Ndipo akaja Musa. Mwalimu wa shule ya msingi huko Kilwa Masoko, aliyefiwa na mke, mtu wa maneno machache na viatu safi. Umi alikuwa na miaka ishirini na tisa, na tangu Likwata hakuna aliyebisha hodi. Baba yake Musa alileta posa kwa adabu zote, tukakubaliana. Kilichobaki ni walii.

Nikaenda Nyangamara kwa Mzee Abdulrahmani. Nilimkuta anaanika korosho uani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nimesikia Umi kapata mtu."

"Ndiyo. Nimekuja kukuomba uwe walii."

Aliendelea kugeuza korosho kwa mguu. "Na kaka yake?"

"Unajua hali ya kaka yake. Mkristo haozeshi Mwislamu."

"Naijua. Wewe ndiye sidhani kama unaijua. Kila mwezi anakuja, unampikia, analala chini ya dari yako, anaamka anafungua kitabu chake ndani ya nyumba yenye jina la Amiri. Nitakuwa walii. Lakini siku hiyo, mbele ya watu, utasema yule si wa nyumba hii tena. Useme wewe, mdomo wako, kila mtu asikie."

"Shemeji, alipokuwa anazoa matapishi yake hapa uani hukuwahi kuniambia maneno hayo."

"Alikuwa analewa. Mlevi hurudi."

"Huyu amesharudi."

"Amerudi kwa nani?" Sasa aliniangalia, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Amiri alinishika mkono huu. Akaniambia, kaka, mtoto yule mwangalie. Nikifika huko nitamwambia nini? Wewe utafika na diploma yako ya kilimo utapata la kusema. Mimi nitamwambia nini?"

 Niliondoka bila kukubali.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu zangu. Ndoa ingefungwa Mitwero, nyumbani kwangu. Sheikh wa kwetu, Sheikh Yunusu, alikuwa mgeni mtaani, hakumjua Yassin. Watu wa Kilwa hawakumjua. Yassin angevaa kanzu, akae kwenye busati, atoe mkono, aseme sentensi moja kwamba anamwakilisha sheikh amwozeshe dada yake. Dada yake ni dada yake. Hakuna uongo ndani ya sentensi ile. Kwa wakwe nikasema Mzee Abdulrahmani ni mgonjwa, wasishangae hayupo.

Yassin alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia, "Wewe ndiye uliyevunja ndoa yake ya kwanza."

Hakukataa tena. "Nitaulizwa dini yangu?"

"Hutaulizwa. Ni sentensi moja."

"Una hakika, mama? Nikiulizwa sitadanganya. Uongo ndio ulikuwa chupa yangu ya kwanza. Nikianza tena na uongo mmoja, hata mdogo, najua ninakoishia."

"Nina hakika."

Na nilikuwa na hakika kweli. Nimehudhuria ndoa nyingi kuliko ninavyoweza kuzikumbuka, na zote nimekaa ndani na wanawake wenzangu, tunasubiri tuambiwe tayari tupige vigelegele. Yale yanayosemwa nje kwenye busati, kabla ya ile sentensi, sikuwahi kuyasikia hata mara moja. Mtu pekee katika familia yetu aliyewahi kukaa pale kama walii ni Yassin mwenyewe, na siku ile alikuwa amelewa kiasi cha kutokumbuka hata rangi ya kofia ya sheikh.

Siku ikafika. Turubai lilifungwa, pilau ikapikwa, watu wa Kilwa wakaja na magari mawili. Yassin alivaa kanzu ya baba yake niliyokuwa nimeitunza. Ilimkaa vizuri hadi nikageuka nikajifanya natafuta kijiko.

Nilikaa dirishani. Sikutaka kitu kinipite. Umi alikuwa nyuma yangu, mikono ina hina, amefunikwa shela.

"Mama, huyo nani anayeingia?"

Nikatazama. Mzee Abdulrahmani, na kanzu yake ya Idi, anavua viatu. Baadaye nilijua ilivyokuwa. Baba yake Musa, kwa ule uungwana wake, alikuwa amempigia simu kumpa pole ya ugonjwa nilioutunga mimi. Mzee hakumkatalia. Alishukuru, akapanda gari. Akakaa pembeni kabisa ya busati, akamkodolea macho Yassin.

Sheikh Yunusu alikuwa kijana, mpole, sauti nzuri. Akamweka Musa upande mmoja na Yassin upande mwingine. Akasema, "Kabla ya hutuba, kama kawaida yetu, tumwombe Mwenyezi Mungu msamaha na tutoe shahada. Walii na bwana harusi, mnifuatishe."

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Akaanza. Musa akafuatisha kwa sauti ya darasani. Yassin alifuatisha maneno ya kuomba msamaha, yote, nilimwona midomo. Shahada ilipofika, ile ya kukiri kwamba Muhammad ni mtume wa Mungu, midomo ikafunga.

Sheikh akadhani hakusikia. Akarudia taratibu, kama anavyomfundisha mtoto.  Chini ya turubai nzima ulisikika mlio wa masufuria jikoni tu.

"Ndugu yangu," sheikh akasema kwa upole, "koo limekauka? Mleteeni maji."

"Sihitaji maji, sheikh. Nisamehe. Siwezi kuyasema."

"Kwa nini?"

"Mimi ni Mkristo."

Kelele zilizopanda pale sitazieleza. Wengine walidhani ni mzaha. Mjomba wake Musa alisema kwa sauti, "Hii ni nyumba ya harusi au ya sinema?" Yassin aliinua mkono, akaomba aseme, na kwa sababu alikuwa amezoea kusemea watu wasiotaka kumsikiliza, walimsikiliza.

"Nimekuja kwa ajili ya dada yangu. Ndoa yake ya kwanza niliiharibu mimi kwa pombe. Nilidhani leo ninaweza kumkabidhi bila kumdanganya mtu. Nimekosea. Msimhukumu yeye. Hila hii si yake. Yule aliyenitoa kwenye mtaro ameniagiza niseme kweli, na kweli ndiyo hiyo."

Baba yake Musa alikuwa ameshainuka. Hakufoka. Alikuwa anatafuta kiatu chake cha kushoto kwa mguu, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

Sheikh Yunusu akainua sauti kwa mara ya kwanza. "Kaeni, jamani! Ndoa haijaharibika. Yupo mwingine wa upande wa baba?"

"Nipo," alisema Mzee Abdulrahmani. "Baba yake mkubwa."

"Alhamdulillahi. Basi njoo, mzee."

"Nitakuja. Kwanza mama wa hapa aseme alichoambiwa aseme."

Akaeleza sharti lake, neno kwa neno. Sheikh akatikisa kichwa. "Mzee, sharti hilo kwenye ndoa silijui."

"La dini silo. Ni langu. Mimi ni mtu mzima, na mkono ni wangu, nitautoa au nitaondoka nao."

"Basi tusubiri, tulipeleke jambo hili kwa kadhi, hata wiki ijayo..."

"Wiki ijayo hatutakuwepo," alisema baba yake Musa. Kiatu alikuwa amekipata.

Macho yote yakaja dirishani. Yassin naye aliniangalia. Sikuona hasira. Aliniangalia kama mtu anayetaka kujua.

Nyuma yangu Umi alisema kwa sauti ndogo, "Mama. Sema."

"Umi, ni kaka yako."

"Najua ni kaka yangu. Ameshaniharibia ndoa moja, na leo nimepakwa hina. Sema, mama. Wanaondoka."

Mimi ni mtu wa kufanya kazi inayotakiwa kufanywa. Mkorosho ukishika ugonjwa tawi moja, unakata tawi. Nimewafundisha watu hivyo maisha yangu yote. Nilitoka nje, nikasimama mbele ya wanaume, nikasema, "Yassin si wa nyumba hii."

"Tena," alisema Mzee Abdulrahmani, machozi yanamtoka. "Tena, Amiri asikie."

"Si wa nyumba hii. Asije tena."

Yassin akainuka. Akavua kofia, akaiweka juu ya busati pale alipokuwa amekaa. Akapita katikati yao akisema "samahani, samahani," kama mtu anayetoka mapema kwenye mkutano, na watu wakakunja miguu kumpisha. Mzee akasogea, akakaa mahali palepale, akatoa mkono. Tuliambiwa tayari. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipiga na mimi.

Umi yuko Kilwa Masoko sasa. Musa ni mume mwema. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Nilivumilia kama wiki tatu, nikaenda Mitole. Nilikuwa nimejipanga. Nitamwambia yale yalikuwa maneno ya kumalizia shughuli, kila mtu aliyekuwepo alijua, hata mzee mwenyewe alijua. Nitamwambia mlango uko wazi, aje usiku kama anaogopa watu.

Kanisa lao ni mabati juu ya nguzo, bila kuta. Nilisimama nje, mtandio kichwani, mpaka akaniona. Alikuja mbio. Alinishika mikono yote miwili.

"Shikamoo mama. Umekula? Umi hajambo?"

Nilisema niliyoyapanga. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alipokuwa mlevi angenitukana, angepiga teke ndoo, na mimi ningemjibu, na tungekuwa mama na mtoto. Hakufanya hivyo.

"Nimekusamehe siku ileile, kabla sijafika barabarani," akasema. "Usiumie."

"Basi uje mwisho wa mwezi."

"Siji, mama. Ukisema hukumaanisha, basi Umi ameolewa kwa uongo. Wakwe zake wakisikia nimelala kwako hata usiku mmoja, watarudi kumuuliza. Umesema mbele ya watu. Mimi nikija, nitakufanya mwongo mbele ya watu walewale. Nimeshamharibia mara moja kwa ulevi, karibu nimharibie mara ya pili. Sitaki ya tatu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imeshakuwa."

Hakuwa ananikomoa. Ningejua. Alikuwa amefikiria jambo lile kwa upole wote alionao sasa, na akaona mahali linapoishia, na mimi nilipotafuta kosa kwenye hesabu zake sikulipata. Nimetafuta hadi leo.

Mchungaji Stella akaja, mwanamke mfupi, jasho usoni, kitambaa cha kichwa kimeenda upande. "Mhubiri, huyu mama ni nani?"

Yassin aliniangalia. Nilijua kama ningesema mimi ni mama yake, angeniacha niseme. Kisha ningerudi Mitwero, na neno hilo lingepanda gari lake; kutoka Mitole hadi Kilwa Masoko si mbali, lingefika kwa wakwe.

Nilinyamaza.

"Ni mgeni wetu," Yassin akasema. "Ametoka Lindi."

"Karibu sana, mama mgeni," alisema Stella, akanipa mkono wenye nguvu. "Wageni wanakaa mbele huku, kuna kivuli."

Nikakaa mbele. Mwanangu alisimama, akafungua kitabu chake, akahubiri karibu saa nzima. Anahubiri vizuri. Alieleza mtaro, alieleza mbwa, watu wakacheka palepale walipotakiwa kucheka. Alipofika kwenye habari za nyumbani kwao, za mama na mlango wa choo, aliruka, akaendelea na mengine, na mimi peke yangu pale ndiye niliyejua kilichorukwa.